Kuopoa rangi: maneno matatu yaliyonishinda

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma biolojia na mwaka huu anaandaa memwari kuhusu kutoa rangi za asili kutoka kwenye seli za vijidudu kwa kutumia viputo. Kila kitu amekisoma kwa Kifaransa. Mama mkubwa, ambaye ndiye anayelipa masomo, alimwuliza siku moja uani kwao Nguba, akiwa anafua: "Unafanyaka nini kule?" Dada akanitazama mimi, mtu wa lugha. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini maabara haikusoma kifungu hicho. Nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Nilianza na *povu*. Unachukua maji yenye kemikali ya jamii ya sabuni, ambayo molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mashine inayakoroga kwa mizunguko elfu kadhaa kwa dakika, hewa inaingia, maji yanakuwa meupe kama maziwa. Felix Sebba, mkemia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alivieleza viputo hivyo mwaka 1971, na baadaye akaviita afroni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya povu. Nikamfuata Mgiriki, nikakosea. Kwetu povu ni rundo: halihesabiki, na mwisho wake ni kumwagwa. Hapa kinachofanya kazi ni kila kiputo peke yake, chenye kipenyo cha mikromita 10 hadi 100 hivi na ngozi yake ya sabuni. Vikiwa vidogo na vingi, ngozi zao zikijumlishwa ni uwanja mpana wa kushikia rangi. Ngeli ya ki-/vi- inavihesabu, *povu* linavimeza.

*Rangi* sikuisumbua sana, ingawa neno hilohilo linataja kinachoonekana na kinachotiwa koponi. Nilitoa mfano wa heroe wa maziwa Bogoria na Nakuru, Kenya. Uwaridi wao unatokana na kijani wanachokula, vijidudu viitwavyo Arthrospira. Katika vijidudu hivyohivyo mna rangi ya bluu, fikosianini, inayotiwa kwenye pipi. Mama mkubwa akaelewa kwamba rangi inaweza kuliwa na kuhama kutoka mwili hadi mwili.

Kigumu kilikuwa kitenzi. Kifaransa kinasema *récupérer*, nami nikaandika "kurejesha rangi". Kurejesha wapi? Rangi haikuwa ya mtu iliyopotea. "Kuchuja" pia hakufai: hapa hakuna kichujio. Seli zinapasuliwa kwanza, la sivyo rangi inabaki ndani. Kisha viputo vinaingizwa chini ya mchanganyiko. Ngozi ya kiputo ikiwa na chaji ya umeme iliyo kinyume na ya rangi, vinashikana, na kiputo kinapanda juu na mzigo wake. Kitu kimezama, kinashikwa, kinatolewa majini: hiyo ni *kuopoa*. Wavuvi wa Ziwa Kivu wasingehitaji maelezo. Bado nashangaa kwamba nililifikia mwisho neno ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza.

Mama mkubwa alisikiliza huku akikamua shati.

"Basi ni kufula tu," akasema. "Lakini wewe unachunga ule uchafu, unamwanga maji."

Dada akaruka. Katika miezi yote ya kusoma hakuwa amepata sentensi fupi kama hiyo, na akaomba niiandike. Niliandika, nikaongeza pembeni kwamba *kufua* kunaiacha nguo, na hapa hakuna nguo.

"Na sabuni," mama mkubwa akauliza, "inatokaka namna gani mule mwenye rangi?"

Dada akanyamaza. Sabuni inapanda pamoja na rangi, na kuzitenganisha ndiyo sura ambayo hajaiandika. Nilipendekeza *kusuuza*, akasema rangi yenyewe ingeondoka na maji. Ukurasa huo wa daftari langu una kichwa tu.