Mumiani si Dracula

Katika toleo hili nimepewa ukurasa wa msamiati, na neno langu ni moja tu: mumiani. Nimelichagua kwa sababu nusura litutie matatani mimi na wenzangu wanne, nami nisingependa mwanachama mwingine alipapase gizani kama sisi.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa pili tuliamua kutengeneza filamu ya kuchekesha ya dakika kumi na mbili, ya kutazamwa nyumbani tu. Mchango wetu wote ulikuwa shilingi 640, na kamera ilikuwa simu ya kaka yangu. Hadithi yenyewe: Dracula amehamia Nakuru, anaishi ndani ya kreta ya Menengai, na kila usiku anapanda matatu kuja mjini kutafuta shingo. Lakini wapi! Kondakta anamtoza nauli mara mbili kwa sababu joho lake limejaza kiti cha pili. Shingo ya kwanza anayoipata kule Bondeni ni ya jamaa aliyetoka kula pilau iliyojaa kitunguu saumu, basi anakohoa mpaka meno yanadondoka. Meno hayo tuliyakata kwenye mtungi mweupe wa plastiki. Damu ilikuwa sharubati nyekundu iliyokorogwa na unga wa ngano. Joho lilikuwa pazia, na mama yake Dracula bado analitafuta.

Filamu za namna hii si jambo geni. Mwaka 1992 huko Nijeria, Living in Bondage iliuzwa kwa kaseti za video, na ikadhihirika kwamba picha yaweza kwenda moja kwa moja hadi sebuleni. Kwetu Kenya, River Road ya Nairobi ilizaa Riverwood, na akina Machang'i na Kihenjo wakawavunja mbavu wasemaji wa Kikuyu kwa video za bei nafuu. Kule Tanzania, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha za video. Sisi tulitaka kicheko cha River Road na hofu ya Dar es Salaam katika chungu kimoja.

Mwalimu mlezi aliposoma mswada wetu akasema, "Hii ni filamu ya Chama cha Kiswahili. Huyu vampaya mtafutieni jina la Kiswahili." Tukajaribu zimwi, lakini zimwi hula mtu mzima mzima. Popo naye ni mnyama asiye na hatia. Mwenzetu mmoja Mkalenjin akapendekeza chemosit wa hadithi za nyanya yake: mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo unaong'aa usiku kama taa. Tulicheka mpaka basi, ila makalio tisa kwa shilingi 640 yangetoka wapi? Hatimaye kamusi ikatupa mumiani. Tukaandika pasipo kuuliza zaidi.

Jumamosi moja jioni tukaenda kupiga picha karibu na nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Katika onyesho hilo Dracula anajifanya daktari, kwa hivyo alivaa koti jeupe la maabara, akashika bomba la sindano na ndoo. Kazi yangu ilikuwa kukimbia nikipiga mayowe, "Mumiani! Mumiani!" Nikayapiga kweli kweli. Dakika mbili hazikuisha, watoto walikuwa wanalia, milango inafunguka, kina mama wametoka nje, na vijana wawili, niliowaona kwa macho yangu mwenyewe, wameinama kuokota mawe. Dracula alitema meno, akavua koti, akaanza kutaja jina lake la ubatizo kwa sauti. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuja akasimama mbele yetu na fimbo yake.

"Wajukuu wangu," alituambia baadaye, "neno mlilolipigia kelele si la mchezo. Mimi nimelelewa Mombasa. Tulikuwa tunakatazwa kupita karibu na kituo cha zimamoto jioni."

Zimamoto? Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Asili ya neno ni Kiajemi, mumiya, yaani lami nyeusi iliyotumiwa kama dawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaitaja kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, na inasema kuna walioamini kuwa ni damu ya watu. Kutoka kwa dawa, jina likamhamia mtu anayedhaniwa kuitafuta damu hiyo. Ndiyo maana akiwa mtu tunampatanisha katika ngeli ya A-WA: mumiani amekuja, mumiani wamekuja.

Sasa mlinganishe na Dracula wa Bram Stoker, wa 1897. Yule ni mfu, ni bwana mkubwa mwenye ngome, na damu anainywa mwenyewe. Mumiani yu hai, tena ameajiriwa! Ana gari, ana ndoo, pengine ana sare, na damu anampelekea mwingine. Wakati wa ukoloni watu wengi wa Kenya na Uganda waliwanyoshea kidole wazimamoto. Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha 2000. Mjini Mombasa mwaka 1947, umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo. Mzee wetu hakuwa anatutisha bure.

Tena msidhani hayo yalizikwa na ukoloni. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, na ripoti yake ikatolewa 1999. Wazazi wetu wengi wanaikumbuka hofu ya miaka hiyo. Na Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Ikasemwa kwamba ni wanyonya damu. Wote watatu waliuawa. Niliposoma hayo niliikumbuka ile ndoo yetu, na nikaona aibu.

Tulibishana wiki nzima kama tuiache filamu. Mimi nilitaka tuiache. Dracula akakataa, na kusema kweli alikuwa na haki, kwani matatu na pilau havikumkosea mtu. Tukaandika upya sehemu ya mwisho, tukaipiga ndani ya ua wa shule. Sasa msoma mita ya maji anafika dukani, na mwenye duka, ambaye hajalipa bili miezi mitatu, ndiye anayepaza sauti, "Mumiani!" Neno linatajwa mara hiyo moja tu. Umati unakusanyika. Dracula mwenyewe anafika nyuma ya watu, anauliza kuna nini, anaambiwa, naye anainama kuokota jiwe.

Tulimpelekea mzee filamu kwenye simu. Alicheka kwenye matatu, akacheka zaidi kwenye pilau. Pale kwenye jiwe alinyamaza, kisha akasema, "Rudisha hapo nione tena."

Wanaotaka kuitazama wamwone katibu wa chama siku ya mkutano. Na mwenye pazia jeusi la ziada, tafadhali.