Nyaya za RCA: Zilinganishe kwa Masikio, Siyo kwa Bei

Ukiishi Kilindoni, kisiwani Mafia, waya wa RCA unaoununua Kariakoo unaulipia mara tatu: bei ya dukani, nauli ya basi hadi Nyamisati, na nauli ya chombo cha kuvukia. Ukifika nyumbani ukagundua haukuongeza chochote, huwezi kuurudisha kesho yake, hasa kusi ikiwa imeshika na maji ya mlango wa Mafia yamechafuka. Ndiyo maana msikilizaji wa kisiwani anahitaji njia ya kujua, kwa hakika, kama waya mmoja unapiga vizuri kuliko mwingine. Njia ipo. Inataka jioni moja tulivu, kanga moja, sarafu moja na msaidizi mwenye subira.

Nazungumzia zile nyaya zenye vichwa vyekundu na vyeupe, zinazotoa muziki kwenye deki, king'amuzi au simu na kuupeleka kwenye amplifaya au sabufa. Za spika na za umeme ni habari nyingine.

Kwa nini masikio hudanganyika

Chomeka waya mnene, wenye vichwa vya rangi ya dhahabu, uliokugharimu pesa nyingi, na utausikia mtamu. Hapo hujidanganyi kwa makusudi. Ubongo husikiliza pamoja na macho, na pamoja na mfuko. Tena kumbukumbu ya sauti ni fupi. Mlio wa ganuni uliousikia kabla hujainama nyuma ya kabati kubadilisha waya umeshafifia unaposimama. Na sauti iliyozidi kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kusema imeongezwa, masikio huiita safi zaidi.

Wahandisi walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1950, Munson na Gardner wa maabara za Bell, Marekani, walieleza jinsi ya kumpima msikilizaji kwa A, B na X, ambapo X ni mojawapo ya zile mbili na yeye haambiwi ni ipi. Jaribio la kanga nitakalolieleza hapa ni mtoto wa wazo hilo.

Waya una uwezo gani

Cha kwanza ni ukinzani. Waya wa mita moja ulio mzima una ukinzani usiofika hata omu moja. Mlango wa amplifaya unaoupokea muziki huwa na omu 10,000 hadi 50,000. Kinachopotea njiani ni kidogo mno, sikio haliwezi kukishika.

Cha pili ni kapasitansi, yaani ile tabia ya waya kuhifadhi chaji kidogo na kumeza sauti za juu. Chukua waya wenye pikofaradi 200 kwa mita, uunganishe na deki yenye omu 1,000 kwenye njia yake ya kutolea sauti. Mita moja ya waya huo itaanza kukata sauti karibu na hezi 800,000, wakati sikio la binadamu hukomea hezi 20,000. Lakini tumia mita 5 za waya huohuo na chombo chenye omu 10,000, mkato unashuka hadi karibu hezi 16,000, na mtoto mwenye masikio mazima anaweza kuutambua. Somo lake ni rahisi: waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Mwenye mashine ya santuri azingatie zaidi, kwa sababu sindano nyingi za sumaku hubadilika mlio kapasitansi ikizidi.

Cha tatu, na kwa Mafia ndicho kikubwa, ni afya ya waya wenyewe. Nimeona spika ikipelekwa kwa fundi, ikafunguliwa na kulehemiwa upya, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye pini iliyoota ukungu wa kijani.

Hatua ya kwanza: pima afya

Zima kila kitu. Chukua maltimita, weka kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili na ukumbuke namba inayosoma, maana hiyo ni ya nyaya za mita yenyewe. Kisha pima pini ya kati hadi pini ya kati ya upande wa pili, halafu ganda hadi ganda. Ukitoa ile namba ya mwanzo, kibaki chini ya omu moja. Pima pia kati ya pini ya kati na ganda: hapo pasipitishe kitu kabisa. Wakati unapima, kunja waya taratibu karibu na vichwa. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani, na hakuna haja ya kuulinganisha na mwingine. Upeleke kwa fundi aukate na kuulehemu upya.

Hatua ya pili: sauti moja, spika mbili

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na unaweza kuifanya peke yako. Ingia kwenye mipangilio ya simu, washa sauti ya mono, ili spika zote mbili zipewe kitu kilekile. Kisha muziki wa kushoto uupitishe kwenye waya A na wa kulia kwenye waya B. Keti katikati kabisa.

Tumia sauti ya mtu mmoja: msomaji wa taarifa ya habari, au rekodi za Siti binti Saad, aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Rekodi zake zimetangulia stereo kwa miongo kadhaa, kwa hiyo sauti yake haina upande. Inatakiwa isimame katikati ya spika mbili kama mtu aliyeketi mbele yako.

Ikiegemea upande mmoja, badilisha nyaya tu: A iende kulia, B ije kushoto. Mwegemeo ukihama pamoja na waya, waya ndio mgonjwa. Ukibaki palepale, chunguza spika, amplifaya au mahali ulipoketi. Sauti isipoegemea popote, nyaya zako zinapitisha kiasi kilekile, na unaweza kuendelea.

Hatua ya tatu: jaribio la kanga

Subiri usiku baada ya isha, pikipiki zimepungua na jenereta la jirani limenyamaza. Usifanye mvua ikipiga bati.

1. Funika nyuma ya amplifaya kwa kanga, ili usione waya wala mikono ya msaidizi.

2. Msaidizi arushe sarafu mara 10 bila wewe kuona, na aandike orodha: upande mmoja ni A, mwingine ni B. Hiyo ndiyo ratiba. Asipange kwa kichwa chake, kwa sababu watu hupenda kupokezana na utaweza kumkisia.

3. Chagua kipande cha sekunde 10 hadi 15 unachokijua kama jina lako. Vidole vya ganuni na fidla za taarabu ya Ikhwani Safaa hufaa kwa sauti za juu, na tarumbeta na magitaa ya Mlimani Park hufaa kwa katikati. Utumie kipande hichohicho tangu mwanzo hadi mwisho.

4. Sikiliza A na B waziwazi kwanza, mara nyingi upendavyo, hadi useme umeipata tofauti.

5. Sasa anzeni. Kila zamu msaidizi achomoe na kuchomeka, hata kama waya haubadiliki, ili mlio wa kazi yake usikupe jibu. Asiseme neno wala asikutazame usoni. Andika jibu lako kila mara, na msihakiki mpaka zamu zote 10 ziishe.

Kabla ya kila kuchomoa, msaidizi azime amplifaya. Kwenye kichwa cha RCA, pini ya kati hugusa kabla ya ganda, na mngurumo unaotoka wakati huo unaweza kuunguza spika. Kitufe cha sauti kisiguswe kabisa: bandika utepe kwenye alama yake.

Kama amplifaya yako ina milango miwili, mfano CD na AUX, unaweza kugawa muziki kwa kigawanyio, ukaweka A kwenye mmoja na B kwenye mwingine, msaidizi akageuza swichi tu. Ni haraka zaidi, na haraka husaidia kumbukumbu. Nusu ya jaribio mbadilishane milango, maana milango nayo inaweza kutofautiana. Mlango wa PHONO usiutumie, huo hukuza sauti mara nyingi zaidi.

Kusoma majibu

Anayekisia tu atapata karibu 5 kati ya 10. Ukipata 5, 6 au 7, hujathibitisha kwamba unasikia tofauti, hata kama moyo unakataa. Ukipata 8, kumbuka kwamba bahati peke yake huleta 8 au zaidi takriban mara moja katika majaribio 18, kwa hiyo rudia kesho. Ukipata 9 au 10, bahati hufanya hivyo karibu mara moja tu katika 100. Hapo tofauti ipo, na kazi yako ni kutafuta sababu: urefu, pini, au mvumo.

Mvumo una siri yake. Ukisikia "mmmm" muziki ukiwa umesimamishwa, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukinyamaza, kosa ni vyombo viwili kupata athi kwa njia mbili tofauti, siyo ubora wa RCA. Kamwe usikate waya wa athi wa umeme ili kuuondoa mvumo. Athi hiyo inalinda uhai wako.

Chumvi, adui wa kweli

Kila kitu cha shaba kinachokaa karibu na bahari hugeuka kijani. Hapa ndipo dhahabu inapostahili bei yake. Haiongezi utamu, ila haishiki kutu. Hata hivyo, tazama mlango wa amplifaya. Kama ni wa bati, dhahabu na bati zikikutana kwenye hewa yenye unyevu na chumvi, bati huharibika upesi.

Kwa hiyo kila kaskazi ikipisha kusi, na kusi ikipisha kaskazi, zima vyombo, zungusha kila pini ndani ya mlango wake mara tatu nne ili ijikwangue, pangusa kwa spiriti isiyo na mafuta, iache ikauke, na urudie kipimo cha maltimita. Bandika utepe wenye tarehe kwenye kila waya uliofaulu.

Baada ya hapo, ile nauli ya Nyamisati ibaki mfukoni, na msaidizi apumzike. Kabla hajaondoka, mwombe afanye kazi moja ya mwisho: azisogeze spika nusu mita kutoka ukutani huku umefumba macho. Tofauti ya besi utakayoisikia hutahitaji sarafu kuitambua.