Lugha, Maziwa na Rangi: Kuipima Dhana ya Mbari Mbulu na Hanang

Ukitaka kujua kama kitu kipo, uliza kwanza: kama kingekuwepo, kingeacha alama gani? Daktari anayeshuku malaria hatosheki na kutazama uso wa mgonjwa. Anatafuta vimelea kwenye damu, kwa sababu pasipo vimelea hakuna malaria. Kwa njia hiyo hiyo tuipime dhana ya mbari, yaani madai kwamba maumbile yenyewe yamewagawa binadamu katika mafungu machache, kila fungu na rangi yake, damu yake, lugha yake, akili yake, na kiwango chake cha kustahili kutawala au kutawaliwa.

Mahali pa kuipimia ni wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Simama mnadani Katesh. Mwenye kuswaga ng'ombe anaweza kuwa Mdatoga wa kundi la Wabarbaig, ambaye lugha yake ni ya Kinailoti. Anayenunua ni Mwiraqw, na lugha yake ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Anayeuza vitunguu ni Mnyiramba au Mnyaturu, Mbantu. Na kule Bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu hata mmoja duniani. Ni pachache sana Afrika ambapo machimbuko mengi hivi ya lugha yanakutana kwenye eneo dogo hivi. Kama mbari ipo, hapa ingeonekana wazi kuliko kwingine.

Lakini kwanza tujue dhana hii ilitoka wapi. Meli za Ulaya zilikuwa zimebeba watumwa kuvuka Atlantiki kwa zaidi ya miaka 200 kabla Carl Linnaeus wa Sweden hajachapisha, mwaka 1758, orodha ya aina za binadamu iliyoipa kila aina rangi pamoja na tabia. Mfuatano wa tarehe hizo una uzito. Watumwa walikuwepo tayari. Sababu ya kimaumbile ikatafutwa baadaye.

Mwaka 1851 daktari wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alidai kuwa mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili, akayapa jina la kitabibu, drapetomania. Kutoroka kulikuwa ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba mtumwa ni mtu kama bwana wake, mtu anayeijua hali yake na kuikataa. Cartwright akaugeuza ushahidi huo kuwa dalili ya ugonjwa. Akitulia, ni kwa sababu ameumbwa kutawaliwa. Akikimbia, ni mgonjwa. Dai lisiloweza kukanushwa na jambo lolote litakalotokea limekwisha toka nje ya sayansi. Watoro wa pwani ya Kenya waliojijengea makazi Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, wakalima na kujilinda wenyewe, hawakuwa na ugonjwa wowote uliohitaji jina.

Huku kwetu dhana ilikuja na wasafiri. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kuwa watawala wa falme za Maziwa Makuu walitokana na wageni kutoka upande wa Uhabeshi, kwa kuwa hakukubali kwamba Waafrika weusi wangeweza kujenga dola wenyewe. Katika safari zake alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Speke alikula, akalala na kusikilizana na watu kwa msaada wa mtu huyo, na bado akaandika aliyoyaandika.

Kutoka hapo likakua jina la Wahamiti: watu weupe kwa asili, eti, walioleta Afrika kila jambo la maana. Mwaka 1912 Carl Meinhof wa Hamburg alichapisha kitabu kuhusu lugha za Wahamiti, na ndani yake Felix von Luschan, mkusanyaji wa mafuvu wa Berlin, akaongeza sura juu ya maumbo ya miili yao. Mwaka 1914 Otto Reche alitoa kitabu kuhusu watu wa nyanda hizi za kati zisizo na mito ya kufika baharini. Baadaye akawa mtaalamu wa mbari katika Ujerumani ya Hitler. Mwingereza C. G. Seligman akaikamilisha ngazi mwaka 1930. Katika ngazi hiyo Mwiraqw aliwekwa juu kama Mhamiti, Mdatoga akaitwa Mnailo-Hamiti, yaani nusu, Mbantu akawa chini yao, na Mhadzabe chini ya wote. Wazee waliosoma historia shuleni wanayakumbuka majina hayo.

Sasa tuulize: ili ngazi hiyo iwe kweli, lazima nini kiwe kweli? Lazima sifa za mtu zirithiwe zikiwa zimefungwa pamoja, rangi na damu na lugha na akili katika furushi moja. Furushi likifunguka, ngazi haina pa kusimama.

Mfugaji wa Hanang analijua jibu kwa upande wa mifugo. Chukua fahali mweusi asiye na pembe, wa uzao safi, umpandishe ng'ombe mwekundu mwenye pembe. Ndama wao wakizaana wenyewe kwa wenyewe, utapata weusi wenye pembe, wekundu wasio na pembe, na michanganyiko mingine ya rangi na pembe. Rangi haikuifuata pembe. Gregor Mendel alionyesha jambo hilo kwa njegere mwaka 1866, na leo tunajua sababu yake. Maagizo ya urithi yamekaa kwenye kromosomu. Binadamu ana jozi 23, na katika kila jozi mzazi humpa mtoto moja tu, kwa bahati. Hata kabla ya kuhesabu vipande vinavyobadilishana ndani ya jozi, mzazi mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608. Kundi la damu, lile la A, B na O, linatokana na kromosomu ya 9. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa uko kwenye ya 2. Sehemu kubwa ya rangi ya ngozi iko kwenye ya 15, ya 19 na nyinginezo. Hakuna kamba inayozifunga.

Lugha hairithiwi kwa damu kabisa. Mtoto husema lugha ya waliomlea, na ziko koo za Wairaqw zinazojua kuwa chimbuko lao ni Wadatoga. Mwanaisimu Joseph Greenberg alipozipanga upya lugha za Afrika, kazi aliyoikamilisha mwaka 1963, alitumia maneno na sarufi peke yake, akakataa kutazama ngozi wala ufugaji. Kundi la Kihamiti likasambaratika mikononi mwake. Kihausa, cha watu weusi wa Afrika Magharibi, kilibaki upande mmoja na Kiiraqw na Kiarabu, huku Kidatoga na Kimaasai vikienda kwa Wanailoti.

Maziwa yanatufundisha zaidi. Kila mtoto mchanga ana laktesi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Kwa mamalia wengi, na kwa watu wengi duniani, hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na maziwa mabichi yakawa chanzo cha gesi na kuharisha. Wafugaji wengi hubaki nacho maisha yote. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Wazungu walikuwa wanajulikana kuwa na badiliko la herufi moja ya vinasaba, mahali panapoitwa 13910. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wengi wao hawana hilo. Wana lao, mahali pa 14010, lililojitokeza peke yake na kuenea katika miaka elfu chache iliyopita. Matokeo ni yale yale, njia mbili tofauti. Ukiwapanga watu kwa kunywa maziwa, Mbarbaig atasimama na Mdenmark. Ukiwapanga kwa herufi yenyewe, atasimama na jirani yake Mwiraqw, ingawa lugha zao hazina undugu wowote.

Na rangi? Melanini hukinga ngozi na mionzi ya jua inayoharibu foleti mwilini, kwa hiyo karibu na ikweta weusi una faida. Kaskazini kwenye jua hafifu, weupe husaidia ngozi kutengeneza vitamini D. Utafiti wa 2017 kwa zaidi ya watu 1,500 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana ulikuta kuwa mabadiliko mengi ya rangi, ya weusi na ya weupe pia, yana umri wa zaidi ya miaka 300,000 na yalikuwa Afrika tayari. Badiliko moja ambalo karibu kila Mzungu analo limeenea pia Ethiopia na Tanzania, na wengi wanaolibeba ni weusi, kwa sababu jeni nyingine zinalizidi nguvu. Ngozi haiwezi hata kutuambia vizuri kilicho ndani ya jeni zake yenyewe. Itatuambiaje habari za akili?

Hapa msomaji makini ana haki ya kuuliza: si kweli kwamba watu wa mbali hutofautiana? Ni kweli. Watu huoa karibu na kwao, na tofauti hujikusanya polepole kadiri umbali unavyozidi, bila mpaka wa ghafla. Ni kiasi chake kinachoshangaza. Mwaka 1972 Richard Lewontin alipima protini za damu kutoka duniani kote, akakuta kuwa asilimia 85 hivi ya tofauti zote za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja. Hilo ndilo lililokuwa likiwasumbua wapima mafuvu. Anténor Firmin, mtoto wa Haiti, nchi ambayo watumwa wenyewe waliikomboa kwa vita, alizichambua takwimu zao katika kitabu cha 1885, akaonyesha jinsi vipimo vilivyopingana vyenyewe.

Jambo gumu zaidi limo ardhini, Luxmanda, kwenye uwanda wa Mbulu. Hapo waliishi wafugaji miaka 3,000 iliyopita, na wanaakiolojia wamekuwa wakichimba tangu 2012. Vinasaba vya mtoto mchanga wa kike aliyezikwa hapo miaka 3,100 hivi iliyopita vilichapishwa mwaka 2017: asilimia 38 ya nasaba yake inahusiana na wakulima wa kale wa Shamu. Nawaza jinsi Seligman angelishangilia hilo. Basi tulifikirie hatua kwa hatua. Asilimia hiyo inapima kufanana kwa herufi ambazo nyingi hazina kazi tunayoijua, haipimi kipaji. Sehemu kubwa ya nasaba ya mtoto huyo ni ya Afrika, na mchanganyiko ulifanyika kwa ndoa za vizazi vingi njiani. Wakulima wa Shamu nao walikuwa wajukuu wa watu waliotoka Afrika makumi ya maelfu ya miaka nyuma. Na punda alifugwa kwanza Afrika ya kaskazini-mashariki, na mtama ukalimwa kwanza huko huko, bila mtawala wa kuja kufundisha.

Mafuvu ya Luschan nayo yametoa ushahidi asioukusudia. Mwaka 2023 taasisi ya urithi ya Berlin ilitangaza uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. 197 yalihusishwa na Tanzania. Vinasaba vilimuunganisha mmoja wa marehemu na ukoo unaoishi: Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900. Fuvu lililokusanywa kwa ajili ya mbari lilijibu jina la babu.

Hanang ilikutana na swali la mbari hata mahakamani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mashamba ya ngano ya shirika la umma NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarbaig, yakafikia ekari 100,000 hivi, na makaburi ya wazee wao, bung'eda, yakapitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki na kikapata ushindi wa awali. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka ukoloni, sheria iliyomtambua mwenyeji kwa asili ya nasaba yake. Je, wangepeleka kipimo gani? Herufi ya 14010 ingemweka Mbarbaig pamoja na Mwiraqw na Mmaasai. Lugha yao ingewapeleka hadi Sudan. Rangi isingesema kitu. Walichokuwa nacho ni njia za malisho, visima vyenye majina, na yale makaburi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haianzi tena na nasaba. Inauliza nani ni mkazi wa kijiji na ardhi inatumikaje kwa mila za hapo.