Mbegu Moja, Mimea Mbalimbali: Neno "Mbegu" na Suala la Urithi katika Mimea

Utangulizi

Nomino "mbegu" imo katika ngeli ya I-ZI na, kama nomino nyingi za ngeli hiyo, haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Mtu anaposema "mbegu hii ni nzuri," huenda ameshika punje moja kiganjani, au anazungumzia mfuko mzima wa kilo mbili, au anasifu aina ya mahindi ambayo hata hanayo pale alipo. Upatanisho wa kisarufi ni ule ule. Aidha, maana ya neno hili imepanuka hadi kwenye nasaba, ndiposa husikika habari za ng'ombe wa mbegu nzuri.

Makala haya yanashikilia kwamba utata huu haukomei kwenye sarufi. Mkulima aliyepanda "mbegu moja" hutarajia shamba la mimea inayofanana. Isipofanana, humlaumu muuzaji, mbolea au mvua. Lawama hiyo wakati mwingine huwa ya haki, kwa kuwa mbegu ghushi zipo. Mara nyingi, hata hivyo, jibu limo ndani ya punje zenyewe: kilichomo mfukoni si mbegu moja, bali ni maelfu ya punje, na kila punje ina historia yake ya uzazi.

Bangi: kila punje na baba yake

Mmea unaodhihirisha jambo hili waziwazi ni bangi. Neno lenyewe liliingia katika Kiswahili kwa njia ya Bahari ya Hindi, na lina ujamaa na maneno ya Kihindi na Kiajemi. Jina la kisayansi, Cannabis sativa, lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka wa 1753. Nchini Kenya ukuzaji wake uliharamishwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka wa 1994. Hapa unatajwa kwa sababu za kibayolojia pekee.

Kwa kawaida bangi huwa na shina dume na shina jike, kila moja peke yake. Chavua hubebwa na upepo. Kwa hivyo, kinyume na mimea inayojichavusha, punje ya bangi aghalabu huwa na wazazi wawili tofauti, na shina jike moja laweza kupokea chavua ya madume kadhaa. Punje zilizopukuchuliwa kutoka shina hilo ni watoto wa mama mmoja, lakini baba zao huenda ni wengi.

Hata pale baba anapokuwa mmoja, tofauti haziishi. Bangi ina kromosomu 20, yaani jozi 10. Kila mzazi humpa mtoto kromosomu moja tu kutoka katika kila jozi, na uteuzi huo ni wa bahati. Mzazi mmoja anaweza kuzichagua kwa njia 1,024. Wazazi wawili wanapokutana, michanganyiko inayowezekana ni 1,048,576. Hesabu hii haijatia maanani kwamba kabla ya kugawanywa, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Ndugu wawili kufanana kabisa lingekuwa jambo la ajabu.

Tofauti hizo hazionekani kwenye urefu na umbo la majani pekee. Mwaka wa 2003, de Meijer na wenzake walichapisha matokeo ya kuzalisha mimea yenye kemikali ya THC kwa wingi pamoja na mimea yenye CBD kwa wingi. Kizazi cha kwanza kilikuwa na zote mbili. Kizazi hicho kilipozalishwa chenyewe kwa chenyewe, watoto waligawanyika makundi matatu kwa uwiano wa 1:2:1: robo wakiwa na THC kwa wingi, nusu mchanganyiko, na robo CBD. Ni mgawanyo uliotarajiwa na yeyote aliyesoma majaribio ya Gregor Mendel ya mwaka wa 1866 kuhusu njegere. Mendel alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, ilhali wazazi wake wote wa kizazi kilichotangulia walikuwa wa mviringo. Sifa iliyojificha kwa mzazi ilirejea kwa mtoto.

Mahindi: hasara ya msimu wa pili

Mahindi nayo yana jozi 10 za kromosomu, na huchavushwa na upepo. Yanatofautiana na bangi kwa kuwa dume na jike hukaa kwenye shina moja: mbelewele juu, na gunzi lenye ndevu ubavuni. Kila unywele wa ndevu hizo huelekea kwenye punje moja, na hupokea chembe yake ya chavua. Ushahidi wa jambo hili huonekana jikoni. Mkulima aliyepanda mahindi meupe karibu na jirani mwenye mahindi ya manjano huweza kumenya hindi jeupe lenye punje chache za manjano. Chavua ya jirani imevuka mpaka, na kwa kuwa umanjano hutawala weupe, imejitangaza katika punje ile ile. Wazalishaji wa mbegu hutenga mashamba yao mbali na mahindi mengine kwa sababu hii hii.

Suala linalowagharimu Wakenya wengi ni la mahindi chotara. Mwaka wa 1964 utafiti wa Kitale ulitoa chotara H611, iliyotokana na kuchanganya mahindi ya Kitale Synthetic II na Ecuador 573. Wazazi hao walikuwa jamii zenye mchanganyiko ndani yao, kwa hivyo H611 haikuwa na ufanano mkamilifu. Chotara zinazotokana na wazazi wawili safi ni tofauti. Kila mzazi huchavushwa kwa chavua yake mwenyewe vizazi kadhaa hadi jozi zake zote zinapofanana. Wazazi hao huwa dhaifu, hata hawapendezi kutazama. Wakikutanishwa, watoto wao hulingana kwa urefu na muda wa kukomaa, na huwa na nguvu kuliko mzazi yeyote kati yao.

Hapa ndipo penye mtego. Watoto hao hufanana wao kwa wao, lakini ndani ya kila mmoja jozi za jeni hazifanani, kwa sababu nusu ilitoka kwa mama na nusu kwa baba. Mkulima akihifadhi punje za mavuno na kuzipanda mwaka unaofuata, karata huchanganywa na kugawanywa upya. Nusu ya uchotara hupotea kwa wastani. Shina moja linarefuka, la pili linadumaa, la tatu linachelewa kubeba, na mavuno ya jumla hupungua. Dhana kwamba mbegu chotara hutiwa kitu ili isiote tena haina msingi. Punje zake huota vizuri, ila haziwezi kuurudia mpangilio wa mama yao. Kauli kwamba mtu huvuna alichopanda ni ya kweli msimu wa kwanza. Msimu wa pili inahitaji tanbihi.

Isidhaniwe kwamba tofauti ni hasara kila mahali. Mahindi ya Katumani, ambayo mbegu yake ya Composite B ilitolewa mwaka wa 1968 kwa ajili ya maeneo makavu ya Ukambani, ni jamii yenye mchanganyiko, na mkulima anaweza kuweka akiba ya mbegu yake bila anguko la aina hiyo. Pale mvua isipotabirika, shamba ambalo mimea yake yote hutoa mbelewele siku moja laweza kuangamizwa na juma moja la ukame.

Maharagwe na funzo la Johannsen

Je, tofauti zote hutokana na urithi? Swali hili lilijibiwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka wa 1903. Maharagwe hujichavusha yenyewe, kwa hivyo uzao wa punje moja ni kama nakala. Johannsen alitenga koo 19 na kupima uzito wa punje. Kati ya koo, alipata tofauti zilizorithiwa. Ndani ya ukoo mmoja pia kulikuwa na punje kubwa na ndogo, lakini alipopanda kubwa peke yake na ndogo peke yake, watoto wao walikuwa na wastani ule ule. Ukubwa huo ulikuwa zawadi ya udongo, maji na nafasi ya punje kwenye ganda, na haukurithishwa. Mwaka wa 1909 alipendekeza istilahi ambazo Kiswahili sasa kinaziita jeni, jenotipu na fenotipu.

Waswahili walikwisha kuziona pande zote mbili. "Mwana hutazama kichogo cha nina" huelekea kwenye urithi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" huelekea kwenye malezi. Methali hizi zimezoeleka kufundishwa kama zinazopingana. Kwa mujibu wa maharagwe ya Johannsen, kila moja inaeleza sehemu yake.

Suala la istilahi

Msamiati wa kueleza haya haukosekani. "Punje" hutaja kitu kimoja kinachohesabika, "ukoo" hutaja uzao unaofuatilika, na "aina" hutaja kundi lililopewa jina. Kasoro ni kuliachia neno "mbegu" lifanye kazi ya maneno hayo yote darasani na katika vijikaratasi vya kilimo. Mkulima huambiwa, "Usipande tena mbegu ya mavuno yako," naye huisikia kama amri ya mfanyabiashara. Angeambiwa, "Punje za mavuno haya ni watoto wa chotara, kila moja itakua kwa namna yake," angekuwa amepewa sababu, na angeweza kuamua mwenyewe kama bei ya mfuko mpya inazidi hasara ya kutonunua.