Taa ya Injini Baada ya Kuondoa Masega

Baadhi ya kamati za sharika zinauliza kwa nini taa ya injini huwaka baada ya masega ya ekzosi kuondolewa, ilhali gari linakwenda vizuri.

Magari mengi ya petroli yenye masega yana sensa mbili za oksijeni. Ya kwanza huiongoza kompyuta kupima mafuta. Ya pili, iliyo nyuma ya masega, hukagua kama moshi umesafishwa. Masega yakitoka, zote mbili husoma moshi uleule. Kompyuta huandika hitilafu namba P0420 na kuwasha taa. Kwa namba hiyo peke yake, injini haijaharibika.

Hatari huanza dereva akiizoea taa. Koili ikifa baadaye na injini ikaanza kumisi (P0300), taa ni ileile, wala hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo fundi asome namba zote kwa mashine kabla hamjanunua kipuri chochote. Taa ikiwakawaka, simamisheni gari. Likianza kunywa mafuta, kagueni kwanza palipochomelewa: ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya kwanza, hewa huingia, na kompyuta huongeza petroli bila sababu.

Kung'oa balbu, kama wengine wanavyoshauri, ni kumziba mlinzi mdomo.

Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wanunuzi huyafuata hadi gereji. Tunaomba yasiuzwe bila kikao, na namba zilizosomwa ziandikwe pamoja na tarehe katika daftari la gari.