Fasihi Ianzie Kwetu: Vidokezo kwa Mwalimu wa Sekondari

1. Anzia Afrika, kisha utoke. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe. Hawakusema Ulaya isisomwe. Walitaka Afrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zisomwe kwa jinsi zinavyohusiana nasi. Basi unapopanga muhula, riwaya ya Kiafrika isisubiri wiki ya mwisho.

2. Uliza nani anatazama. Hapa usiharakishe. Fungua ukurasa wa mwisho wa Things Fall Apart (1958) ya Chinua Achebe. Okonkwo, tuliyeishi naye riwaya nzima, amejinyonga. Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, anawaza kwamba kisa chake kitatosha aya moja katika kitabu anachokusudia kuandika. Waambie wanafunzi waiandike aya hiyo kama yeye angeiandika, kisha waandike nyingine kwa sauti ya Obierika, rafiki wa marehemu. Zisomwe kwa sauti, moja baada ya nyingine, na darasa liseme kila moja imeacha nini. Hapo mtazamo wa msimulizi utaeleweka kuliko ukiuandikia maelezo ubaoni wiki nzima.

3. Ngano za nyumbani ziingie darasani. Kila mwanafunzi alete moja kutoka kwa mzee wake, aeleze ilisimuliwa wapi na wasikilizaji waliitikiaje. Baadaye wasome Song of Lawino ya Okot p'Bitek, walinganishe sauti yake na ya wasimulizi hao wa nyumbani.

4. Tumia tafsiri bila aibu. Shujaa Okonkwo, yaani Things Fall Apart kwa Kiswahili, ipo. Peponi ya Abdulrazak Gurnah nayo ipo tangu 2022, kwa kazi nzuri ya Ida Hadjivayanis. Hata Shakespeare alipita mikononi mwa Nyerere: tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa 1963.

5. Usiwafiche wanafunzi maovu ya kwetu. Okonkwo anashiriki kumuua Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba. Mwanafunzi akilitetea tendo hilo kwa kusema ni mila, mrudishe Umuofia kwenyewe, kwao Okonkwo: mzee Ezeudu alikuwa amemwonya Okonkwo asiweke mkono wake humo, na Obierika alikaa nyumbani, kisha akamwambia rafiki yake usoni kwamba alilolifanya haliipendezi Ardhi, mungu wao.