Lipstiki: Soma Kilichoandikwa Kwenye Boksi Kabla ya Kupaka



Wiki hii safu yetu inaingia kwenye kabati la vipodozi, na hasa kile kijiti chekundu ambacho karibu kila nyumba yenye binti au mke hakikosekani. Hatutajadili kama mwanamke apambe midomo yake au asipambe, maana kujipamba ndani ya nyumba na mbele ya mume ni jambo linalojulikana hukumu yake. Tunachotaka ujue ni kilichomo ndani. Rangi ya kucha hukaa kwenye kucha, na wanja hukaa jichoni. Lipstiki huliwa. Kila unapokunywa chai, unapokula wali, unapolamba midomo, kiasi fulani kinaingia tumboni. Kwa hiyo inafaa uiulize maswali yale yale unayouliza chakula: Je, ina madhara? Je, imetoka wapi? Na kwa kuwa midomo ni sehemu ya uso, kuna swali la tatu ambalo chakula hakina: Je, maji ya udhu yanapita?

Tuanze na midomo yenyewe. Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ngozi ya mashavu, haina tezi za jasho, na mafuta yake ya asili ni haba sana. Ndiyo maana ukilala kwenye feni au ukiwa sehemu za baridi kama Makambako au Lushoto hukauka na kupasuka upesi. Wengi hudhani kulamba kunasaidia, lakini mate yakikauka huondoka na unyevu uliokuwepo, na midomo ikazidi kubabuka.

Lipstiki nyingi zimejengwa kwa vitu viwili, nta na mafuta. Nta ndiyo inayofanya kijiti kisimame bila kuyeyuka. Nta ya nyuki huandikwa Cera Alba. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi fulani wa Brazili, huandikwa Copernicia Cerifera Cera. Hii ni ngumu zaidi na ndiyo inayosaidia lipstiki kuhimili joto kama la Tanga au Mombasa. Mafuta yanayotumika sana ni ya nyonyo, huandikwa Ricinus Communis. Ni mazito, yanang'aa, na yanabeba rangi vizuri. Tena katika boksi vitu hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kwanza, isipokuwa rangi ambazo huwekwa mwishoni. Kwa hiyo ukiona lipshaini inatangazwa kwa maandishi makubwa kuwa ni ya asali au ya mshubiri, kisha asali yenyewe au mshubiri wenyewe uko karibu na mwisho wa orodha, ujue umenunua picha ya asali.

Hufuata vilainishi. Petrolatum ni mafuta mgando yale yale ya kila siku; hayaongezi maji kwenye mdomo bali huzuia yaliyomo yasitoke, na kwa kazi hiyo ni mazuri sana na ya bei nafuu. Butyrospermum Parkii ni mafuta ya shea. Lanolin hutolewa kwenye sufi ya kondoo, na kondoo hahitaji kufa ndipo ipatikane. Lakini wapo watu ambao inawawasha. Glycerin na Stearic Acid zinaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya mnyama, na jina peke yake halikwambii ni yupi. Hapo alama ya halali au maneno kuwa bidhaa ni ya mimea tupu ndiyo yanayosaidia. Jina moja limewatisha wengi bure: Cetyl Alcohol. Hii ni kitu kigumu mfano wa nta, hailevyi hata kidogo. Inayohusiana na spiriti huandikwa Alcohol Denat.

Sasa rangi, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Rangi huandikwa kwa herufi CI na tarakimu tano. CI 77491 ni ile rangi nyekundu ya kutu ya chuma. CI 77891 ni unga mweupe wa titani, na CI 77019 ni ulanga unaometameta. CI 15850 ni nyekundu ya kiwandani. CI 45410 ndiyo inayotumika sana katika zile lipstiki zinazogeuka waridi zikigusa unyevu wa mdomo. Hakuna uchawi wala hazipimi tabia ya mtu.

CI 75470 ni jina la karmini. Rangi hii hutengenezwa kwa kududu kidogo kiitwacho kochinili, kinachoishi kwenye dungusi kakati, na Peru ndiyo inayotoa kwa wingi zaidi duniani. Wadudu hukaushwa na kusagwa, na kilo moja huhitaji maelfu kwa maelfu yao. Kiafya, karmini haimdhuru mtu wa kawaida, ila wapo wachache wanaopata mzio mkali, na kwa sababu hiyo Marekani tangu mwaka 2011 imelazimisha itajwe wazi kwenye vyakula na vipodozi. Kidini, wanazuoni wametofautiana. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2011 kuwa inaruhusiwa maadamu haina madhara. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2023, wanazuoni wa Nahdlatul Ulama wa Jawa Mashariki wakasema kwa kauli ya walio wengi katika madhehebu ya Shafi ni najisi na ni haramu. Waislamu wengi wa nchi hiyo ni Mashafi kama walivyo wengi katika mwambao wetu. Mwenye kutaka kutoka kwenye mashaka, njia ni nyepesi: asome boksi, achague yenye kutu ya chuma au rangi ya kiwandani.

Kitu kimoja hutakisoma kwenye boksi lolote, nacho ni madini ya risasi. Hayawekwi makusudi, huja pamoja na rangi zinazochimbwa ardhini kama hazikusafishwa vizuri. Idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza matokeo ya kupima lipstiki 400; iliyozidi zote ilikuwa na sehemu 7.19 katika milioni, na wastani ulikuwa kama sehemu moja. Mwaka 2016 idara hiyo ilishauri isizidi 10. Kiasi hicho ni kidogo kwa mtu mzima, lakini risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Usimpe mtoto lipstiki achezee, na mama mjamzito asipake kutwa mara kumi. Na hayo ni matokeo ya bidhaa zilizopimwa. Ile isiyo na jina la kiwanda, isiyo na orodha, inayouzwa kwa bei ya pipi, hakuna ajuaye. Tanzania kazi ya kusajili vipodozi ilikuwa ya TFDA mpaka mwaka 2019 ilipohamia TBS. Kenya viwango vinasimamiwa na KEBS. Ama ile habari ya kusugua pete ya dhahabu juu ya lipstiki, ikitokea nyeusi basi ina risasi, imezunguka kwenye barua pepe tangu mwaka 2003 na sasa iko kwenye simu. Si kipimo. Pete huacha alama nyeusi hata juu ya nta isiyo na risasi.

Tuje kwenye udhu. Sehemu ya midomo inayoonekana mdomo ukiwa umefungwa ni katika uso, na lazima maji yaifikie. Hina haizuii kwa kuwa ni rangi iliyoingia kwenye ngozi. Nta ni tabaka. Zaidi kuliko zote ni zile lipstiki za maji zinazokauka na kukaa kutwa: humo mna Isododecane, ambayo hupeperuka, na Trimethylsiloxysilicate, ambayo hubaki kama utando usiotoka kwa maji wala kwa chai. Kuosha kwa maji matupu hakutoshi. Paka mafuta ya nazi, subiri kidogo, futa kwa pamba, kisha osha kwa sabuni, maana nta na utando huo hulainishwa na mafuta. Ikibaki rangi tu isiyo na mtelezo, hiyo ni kama hina. Mwenye kufunga naye aangalie zile zenye ladha ya stroberi: akilamba kwa makusudi ikapita kooni, saumu yake imeharibika.

Usiazimane lipstiki, hata na dada yako wa tumbo moja. Virusi vinavyoleta vile vidonda vya homa mdomoni husafiri kwa njia hiyo. Midomo ikiwasha, acha kwanza zenye mentoli, kafuri na manukato. Ule ubaridi wake hudhaniwa ni dawa, kumbe unachokoza. Picha ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye 12M maana yake ni miezi 12 tangu ulipofungua.

Anayetaka mafuta ya midomo ya nyumbani achukue nta safi ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nazi sehemu tatu, ayeyushe kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, amimine kwenye kikopo kikavu. Kama unaishi pwani ongeza nta kidogo. Usitie maji, yataleta ukungu. Na hayo nayo yana nta, kwa hiyo yafute kabla ya kutia udhu.